Nyuma ya Gauni Jeusi

Akina mama wapendwa, fungueni albamu ya familia yoyote muone picha zilizomo. Ni za harusi, ubatizo, Krismasi na mahafali ya mtoto. Hakuna anayemwita mpiga picha siku unga umekwisha, wala usiku mama anapokesha na mtoto mwenye homa. Kwa sababu hiyo, anayetazama albamu yako anaziona nguo zako vizuri kuliko anavyoyaona maisha yako.

Mwezi huu nataka tufungue albamu ya mwanamke ambaye dunia nzima iliziona nguo zake. Jina lake ni Audrey Hepburn, nyota wa sinema za zamani. Vitabu vya picha zake ni vingi, na vingi husifu magauni na kiuno chake chembamba. Lakini mwaka 2003 mwanawe wa kwanza, Sean Hepburn Ferrer, alitoa kitabu kiitwacho Audrey Hepburn, An Elegant Spirit, chenye picha karibu 300. Huenda usikipate katika maduka ya Bunda mjini wala Musoma. Hata hivyo, maisha yaliyomo yanatuhusu sisi tunaolea watoto hapa Mugeta.

Binti aliyeonja njaa

Audrey alizaliwa Ubelgiji tarehe 4 Mei 1929. Alipokuwa na miaka 6, baba yake aliondoka nyumbani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, mama yake alimpeleka Uholanzi akidhani huko kungekuwa salama. Lakini Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Uholanzi, na binti huyo akakulia chini ya utawala wao kwa miaka 5.

Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 yalikuwa mabaya kupita yote. Chakula kilizuiwa kufika mijini, na hasa sehemu za magharibi watu walipimiwa chakula kisichofika kalori 1,000 kwa siku. Watu wakala hata vitunguu vya maua ya tulipu. Wapatao 20,000 walikufa. Audrey, ambaye sasa alikuwa na miaka 15, aliishi na mama yake katika mji mdogo wa Velp. Alipata upungufu wa damu, macho yakawa manjano, na miguu ikavimba. Sisi wauguzi tunaijua miguu ya namna hiyo, kwa maana tumeibonyeza kwa kidole gumba na kuona shimo likibaki.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, misaada ya shirika la Umoja wa Mataifa lililoitwa UNRRA ilifika. Yalikuja maziwa, unga na mablanketi. Audrey hakuusahau msaada huo hadi kufa kwake.

Gauni na mshonaji wake

Ndoto yake ilikuwa kucheza dansi ya balei. Alijifunza London, lakini akaambiwa kwamba hangefika ngazi ya juu. Basi akaingia katika michezo ya jukwaani na sinema. Mwaka 1953 ilitoka sinema ya Roman Holiday, nayo ikampatia tuzo ya Oscar.

Mwaka huo huo alikwenda Paris kutafuta nguo za sinema yake iliyofuata, Sabrina. Mbunifu wa mavazi Hubert de Givenchy aliambiwa anakuja Bibi Hepburn, akadhani ni Katharine Hepburn, yule aliyekuja Kongo na Uganda mwaka 1951 kucheza The African Queen. Akashangaa kumwona msichana mwembamba asiyemjua. Urafiki ulioanza siku hiyo ulidumu miaka 40. Gauni jeusi la Breakfast at Tiffany's, sinema ya mwaka 1961, lilibuniwa na Givenchy.

Sikilizeni mwisho wa gauni hilo. Givenchy alilitoa mojawapo ya magauni hayo liwasaidie maskini wa India. Desemba 2006 lilipigwa mnada London na kuuzwa pauni 467,200, fedha zikaenda kwa shirika la hisani linalowahudumia maskini wa India. Nguo iliyobuniwa kwa urembo iliishia kuwasaidia watoto wa watu wengine.

Vazi la mtawa Kongo

Kati ya picha zote za Audrey, zipo ambazo mpenda mitindo hufunua haraka akapita, nazo ndizo zinazonigusa zaidi mimi muuguzi. Mwaka 1958 Audrey alikuja Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani, kucheza The Nun's Story. Ndani yake ni Sista Luke, mtawa muuguzi wa Kibelgiji anayefanya kazi katika hospitali Kongo. Nywele zimefunikwa na kiuno hakionekani. Amebaki na uso na mikono tu, na kwa hivyo peke yake anatuonyesha uchovu, utii na mashaka ya moyoni. Wengi wanasema hapo ndipo alipocheza vizuri kuliko popote.

Hadithi hiyo ilitokana na maisha ya muuguzi wa kweli, Marie Louise Habets, aliyewahi kuwa mtawa na kuhudumu Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 1959 Audrey alianguka kutoka juu ya farasi huko Mexico akitengeneza sinema nyingine, akavunjika pingili za uti wa mgongo. Aliyekuja kumuuguza alikuwa Marie Louise mwenyewe. Aliyeigiza uuguzi alilazwa kitandani, akageuzwa na kuoshwa na muuguzi yule yule aliyemwigiza.

Mama mwenye majonzi yake

Mimba za Audrey ziliharibika zaidi ya mara moja. Kuna kina mama wanaosoma ukurasa huu wanaoujua uchungu huo, na labda waliambiwa wanyamaze kwa kuwa hapakuwa na kaburi. Sean alizaliwa Julai 1960, na mdogo wake Luca mwaka 1970. Baada ya mwaka 1967 Audrey aliacha sinema kwa miaka mingi ili alee wanawe. Ndoa zake mbili zilivunjika. Kwa hiyo tusidhani kwamba uso mzuri na nguo za Paris zilimkinga na machozi.

Na wale wanaodhani alijinyima chakula ili abaki mwembamba wasome kitabu cha Luca cha mwaka 2015, Audrey at Home. Mama yake alipenda kupika na kula, na tambi za nyanya ndizo alizozipenda sana.

Mabinti wetu leo wanatazama picha za wanawake wembamba kwenye simu, na wengine wanaanza kuruka chakula cha asubuhi ili wafanane nao. Waambieni kwamba yule mwembamba aliyesifiwa kuliko wote alikuwa binti aliyekosa chakula katika umri wa kukua. Hakuichagua njaa ile, wala hakumtakia mtoto wa mtu yeyote.

Picha bila mapambo

Machi 1988 UNICEF ilimpeleka Ethiopia, akaona watoto yatima wa njaa na vita. Akiwa balozi wake wa hiari alikwenda pia Sudan, Bangladesh, Vietnam na kwingineko. Septemba 1992 alikwenda Somalia wakati wa njaa kuu. Picha za safari zile zinamwonyesha mwanamke wa miaka 63, mwenye mikunjo usoni, amevaa fulana na suruali ya kawaida, amembeba mtoto aliyebaki mifupa.

Baada ya safari hiyo alishikwa na maumivu ya tumbo. Madaktari wakakuta saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo. Alifariki nyumbani kwake Uswisi tarehe 20 Januari 1993.

Tufanye nini nyumbani?

Wataalamu waliwafuatilia watoto waliokuwa matumboni wakati wa njaa ile ya Uholanzi. Ambao mama zao walikosa chakula miezi ya mwisho ya ujauzito walizaliwa na uzito mdogo. Hata walipokuwa watu wazima, waliopatwa na njaa tumboni walionekana kuwa katika hatari zaidi ya matatizo ya sukari na moyo. Njaa ya mama mjamzito haiishi siku shibe inaporudi.

Kwa hiyo, wenzangu, tuyashike haya:

Mjamzito ale vizuri. Bado wapo wanaomkataza mayai, na bado kuna nyumba ambazo kipande kizuri cha samaki ni cha baba na mgeni, yeye anabakiwa na mchuzi. Zungumza na mumeo kwa upole, umweleze kwamba sahani yako ndiyo sahani ya mtoto wake. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vimeze, usivifiche chini ya godoro.

Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya kwanza. Baada ya hapo aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, huku akipewa chakula kingine. Uji mtupu wa mhogo haumtoshi. Changanya na karanga zilizosagwa, dagaa waliosagwa au maziwa. Mboga za majani, maharage na viazi vitamu vya njano tunavyo.

Mpeleke kliniki hata kama haumwi. Ule utepe tunaouzungusha mkononi si mchezo. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni hatari kubwa, na akivimba miguu yote miwili usingoje siku ya kliniki. Mlete siku hiyo hiyo, na asikucheke mtu kwamba umeshindwa kulea. Wako waliochelewa kwa kuogopa aibu, na tukawapoteza watoto.

Kitambaa kizuri tuvae, na picha tupige, maana Mungu hakuumba rangi bure. Lakini mama akikusanya akiba ya kitenge kipya cha sikukuu, kwanza aangalie kama mtoto anapata yai. Na kadi ya kliniki, yenye mstari wa uzito unaopanda mwezi hadi mwezi, usiitupe mtoto akikua. Iweke katika albamu, karibu na picha ya harusi. Siku moja binti yako ataifungua, naye ataona kazi uliyoifanya siku ambazo mpiga picha hakuwepo.