Kombora Halimjui Mwizi wa Mifugo

Kombora la kuongozwa ni silaha inayoweza kusahihisha njia yake baada ya kurushwa. Risasi na roketi ya kawaida zikishatoka, zimetoka. Kombora la kuongozwa hugeuza mapezi yake angani na kurudi kwenye shabaha. Tofauti ni hiyo tu. Halijui mpaka, ukoo wala kosa la mtu. Jambo hilo rahisi husahaulika kila wavamizi wanapoua watu kaskazini mwa Kenya. Baada ya mauaji ya Mei 2011 huko Todonyang, mpakani na Ethiopia, baada ya polisi zaidi ya 40 kuuawa katika Bonde la Suguta Novemba 2012, na tena baada ya wavuvi wa Kiturkana kuuawa karibu na mpaka wa Ethiopia Februari 2025, swali linalosikika kutoka Kataboi hadi Lodwar na Kakuma, kaunti ya Turkana, ni lile lile: kwa nini Kenya isinunue makombora, irushe moja tu upande wa pili, mambo yaishe?

Swali hilo lina makosa matatu. Linadhani Kenya haijawahi kuwa na makombora ya aina hiyo. Linadhani kombora humtambua mhalifu. Tena linadhani kwamba upande wa pili ni pori tu, si nchi. Kosa la kwanza husahihishwa haraka. La pili ndilo lenye madhara, maana hurudiwa hata na watu waliosoma, tena wakiwa na uhakika.

Jeshi la Kenya lilianza kutumia makombora ya kuongozwa zaidi ya miaka 40 iliyopita. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda. Mwaka uliofuata Somalia ya Siad Barre iliivamia Ethiopia kwa vifaru katika Vita vya Ogaden. Kenya, iliyokuwa na vifaru vichache, ilinunua kutoka Marekani helikopta ndogo za Hughes 500MD, baadhi zikiwa na kombora la TOW la kupambana na vifaru, lenye uwezo wa kupiga umbali wa kilomita 3 na zaidi kidogo. Jeshi la Majini nalo lilipata makombora ya Gabriel kutoka Israel, kisha Otomat kwenye manowari Nyayo na Umoja, zilizojengwa Uingereza katika miaka ya 1980.

Kila ununuzi huo ulikuwa na adui wake maalumu: kifaru au meli ya kivita. Vitu hivyo vina sifa moja inayomrahisishia kazi mrushaji. Ni chuma kikubwa, kina injini yenye joto, kinaonekana kwa mbali, na kwa kawaida raia hawakimiliki. Aliyekiona amekwisha kujua ni cha jeshi. Makombora mengi duniani yalibuniwa kwa ajili ya adui wa namna hiyo, na huko hufanya kazi vizuri sana.

Namna za kuliongoza kombora ni kadhaa; tatu zinatosha hapa. Ya kwanza ni mkono wa mtu: mrushaji huielekeza darubini kwenye shabaha na maelekezo hupita kwenye waya mwembamba, kama ilivyo kwa TOW, au humulika shabaha kwa leza na kombora likafuata doa hilo, kama zinavyofanya Hellfire nyingi za Marekani na MAM-L ya Uturuki. Ya pili ni joto: Strela-2 ya Kisovieti, inayorushwa kutoka begani, hufuata joto la injini ya ndege. Ya tatu ni mahali: kombora hupewa latitudo na longitudo, likaenda kwa msaada wa setilaiti na vipimo vyake lenyewe. Zote tatu hujibu swali la wapi. Swali la nani hujibiwa na mtu kabla ya kubonyeza kitufe, na akikosea, kombora litatekeleza kosa lake kwa usahihi mkubwa.

Vita vya Tanzania na Uganda vilitoa mifano miwili inayofaa kuwekwa pamoja. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilijaribu kupiga ghala la mafuta la Mwanza kwa mabomu yasiyoongozwa. Ilikosa, ikaua swala katika hifadhi ya Saanane. Kosa hilo kombora la kuongozwa lingeweza kulirekebisha. Lakini mwanzoni mwa vita hivyo hivyo, mwaka 1978, ndege 3 za kivita za Tanzania zilitunguliwa karibu na Musoma na walinzi wa anga wa Tanzania yenyewe. Waliofyatua walidhani ni za Amin. Hapo silaha ilifika ilikotumwa; aliyekosea ni aliyeituma, na usahihi wa silaha ulizidisha hasara tu.

Nchi zenye vifaa kuliko zote hazijasalimika. Tarehe 29 Agosti 2021 Marekani ilirusha Hellfire kwenye gari moja mjini Kabul baada ya kulifuatilia kwa saa kadhaa kutoka angani. Waliokufa walikuwa raia 10, wakiwemo watoto 7, na jeshi la Marekani lilikiri kosa. Tarehe 7 Januari 2022 shambulio la droni lilipiga kambi ya waliohama makwao huko Dedebit, Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, na kuua watu zaidi ya 50. Mabomu hayo hayakupotea njia. Anayesema Turkana itakuwa tofauti ana wajibu wa kueleza kwa nini.

Akijaribu kueleza, atakutana na mazingira yenyewe. Watetezi wa silaha hizi hutaja kamera ya joto kana kwamba humwona mtu. Kamera hiyo huona tofauti ya joto kati ya kitu na kilicho nyuma yake. Kati ya Kataboi na Lokitaung, mawe meusi ya volkano hupigwa na jua tangu asubuhi, na kufikia adhuhuri huwa na joto sawa na mwili wa binadamu au kulizidi. Mtu aliyelala kati ya mawe hayo hupotea kwenye picha. Usiku mawe yakipoa mtu huonekana, lakini usiku ndipo upepo mkali wa bonde la Turkana, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya, unapofikia kilele chake hadi alfajiri. Droni ndogo huyumbishwa na upepo huo, na vumbi hutawanya leza. Wavamizi wengi hushambulia alfajiri.

Tuseme upepo umetulia na picha ni safi. Inaonyesha nini? Wanaume 30 wakitembea na mifugo, baadhi wakiwa na AK-47. Picha hiyo inaweza kuwa ya ngoroko, yaani wavamizi, wanaorudi na ng'ombe wa wizi. Inaweza kuwa ya adakar, kundi la wafugaji wanaohamia malisho mapya huku wakilindwa na vijana wao. Inaweza pia kuwa ya polisi wa akiba, NPR, wanaofuata nyayo za mifugo iliyoibwa, maana nao huvaa shuka na kandambili kama wengine. Ziwani hali ni ile ile. Karibu na mdomo wa Mto Omo, mtumbwi wa mvuvi wa Kiturkana na wa Mdassanech, wa jamii jirani ya upande wa Ethiopia, hautofautiani kwa kamera iliyo juu kilomita 5, na samaki anayefuatwa na wote wawili hajui mstari wa mpaka. Ili kujua nani ni nani, lazima awepo mtu chini anayewafahamu watu hao kwa nyuso na kwa alama za mifugo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kombora limeirefusha fimbo, lakini bado lazima awepo mtu karibu wa kumwona nyoka.

Linalofuata baada ya hapo kwa kawaida ni pendekezo la Iron Dome, mfumo wa Israel wa kujikinga. Mfumo huo hutungua roketi zikiwa angani. Mvamizi wa Todonyang hana roketi. Ana bunduki na miguu miwili. Kuuweka huko ni kutumia fedha nyingi kusubiri kisichokuja. Hata kombora la kushambulia lina hesabu yake: Hellfire moja hugharimu takriban dola 150,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 15 za Kenya, bila kuhesabu ndege, rubani na matengenezo. Wakati huo huo NPR wa Turkana walilinda vijiji kwa miaka mingi bila mshahara, na mwaka 2019 wakanyang'anywa bunduki kabla serikali haijaamua kuwarudisha.

Dhana kwamba silaha kubwa itamaliza uvamizi imekwisha kujaribiwa katika Kenya hiyo hiyo. Mwaka 1918 Waingereza walituma askari wa King's African Rifles (KAR) pamoja na wanajeshi kutoka Sudan dhidi ya Waturkana wa kaskazini, katika operesheni iliyopewa jina la milima ya Labur, kaskazini mwa Kataboi. Walikuwa na bunduki za rashasha na walichukua maelfu ya mifugo. Walishinda. Uvamizi haukuisha; Waturkana walionyang'anywa silaha walibaki wazi kwa wavamizi kutoka kaskazini. Katika miaka ya 1950 ndege za kivita za Uingereza zilimwaga mabomu kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, lakini Mau Mau walidhoofishwa zaidi na habari zilizotoka kwa watu wa chini. Operesheni Maliza Uhalifu, iliyoanza Februari 2023, iliingiza jeshi la Kenya (KDF) katika kaunti za Bonde la Ufa Kaskazini, Turkana ikiwemo. Mauaji ya wavuvi ya 2025 yalitokea miaka miwili baadaye.

Kosa la tatu halihitaji maneno mengi. Upande wa pili ni Ethiopia, nchi iliyofungamana na Kenya kwa mkataba wa ulinzi tangu 1963, na ambayo sasa inamiliki droni za Bayraktar TB2 zilizothibitika vitani. Kombora likivuka mpaka halihesabiwi tena kuwa msako wa wezi wa mifugo. Ni shambulio la nchi moja dhidi ya nyingine. Anayelipendekeza akiwa Nairobi hataishi Todonyang siku jibu litakaporudi.

Kwa nchi yenye ukubwa na bajeti ya Kenya, machaguo halisi ni haya.

Kununua kutoka Marekani huleta silaha bora, lakini polepole na kwa masharti. Januari 2017 serikali ya Marekani iliridhia kuiuzia Kenya ndege hadi 12 za Air Tractor AT-802L pamoja na silaha za kuongozwa kwa leza, kwa makadirio ya dola milioni 418. Mbunge Ted Budd wa North Carolina alitaka mpango huo uchunguzwe, na ukakwama. Bei hiyo haikuwa ya ndege peke yake. Ilibeba silaha, mafunzo na vipuri, kama ilivyo kwa kila ununuzi wa aina hii.

Msaada ni nafuu, ila mtoaji ndiye anayeamua utumikeje. Uturuki huuza droni kwa bei ya chini na bila maswali mengi. Vyovyote vile, kombora huchakaa ghalani: betri na baruti yake vina umri maalumu, na joto la kaskazini huupunguza. Kununua bila bajeti ya kulihifadhi na kulipima ni kununua chuma chakavu cha miaka ijayo.

Kutengeneza nyumbani si suala la uzalendo. Kenya ina kiwanda cha risasi Eldoret na kiwanda cha bunduki Ruiru kilichozinduliwa Aprili 2021, na kutoka bunduki hadi kombora ni safari ndefu. Kituo cha San Marco karibu na Malindi, kilichorusha roketi za anga za juu kati ya 1967 na 1988, ikiwemo iliyobeba setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, hakibadilishi hesabu hiyo, kwa kuwa roketi zake za Scout zililetwa kutoka Marekani zikiwa zimekwisha kuundwa. Afrika Kusini, yenye uzoefu mkubwa zaidi kusini mwa Sahara, iliunda makombora kama Umkhonto na Ingwe, lakini kampuni yake ya Denel ilifikia kushindwa kulipa mishahara. Kinachowezekana Kenya sasa ni matengenezo, vipuri na droni za uchunguzi.

Kama ni kununua makombora, ulinzi wa viwanja vya ndege ndio hitaji la dharura zaidi. Tarehe 28 Novemba 2002 Strela-2 mbili zilirushwa dhidi ya ndege ya Arkia iliyokuwa ikiruka kutoka Mombasa na abiria 261. Zote zilikosa. Ulinzi hauwezi kutegemea bahati ya namna hiyo, na sasa droni za bei nafuu zimeongeza hatari.

Kwa Turkana: droni zisizo na silaha, mtandao wa simu unaofika ufuoni, redio, barabara ya Kalokol, Kataboi na Lokitaung inayopitika mvua ikinyesha, boti za doria ziwani, NPR wanaolipwa na kufunzwa, na polisi wa nchi mbili wanaopigiana simu kabla mifugo haijavuka. Vyote hivyo kwa pamoja havihitaji kombora hata moja, na bila hivyo kombora halina wa kulielekeza. Wakazi wanaodai usalama wao wana haki kamili ya kuudai. Wadai hivi kwanza.