Bunduki ya Marehemu ni ya Nani?

Makatekista wengi, wakija kwetu siku za mafundisho, hutuletea swali moja kwa maneno mbalimbali: "Padri, mzee amekufa, ameacha bunduki. Ni ya nani?" Huuliza kwa sababu ndugu wa marehemu wamekwisha kugombana, na mara nyingine bunduki yenyewe imekwisha kufichwa. Katika seminari kubwa tulijifunza mengi juu ya urithi wa mashamba na ng'ombe. Juu ya bunduki hatukuambiwa karibu neno lolote. Basi tulieleze jambo hili kadiri tuwezavyo, si kwa ajili ya wanasheria, bali kwa ajili ya wale wanaoitwa usiku kwenda kupatanisha watu.

Tuweke casus, kama tulivyozoea katika darasa la Moralia. Mzee fulani, mwindaji, ana bunduki ya kalibri 12 aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe. Permi yake anaitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na karatasi ya ubatizo. Anakufa. Anaacha mjane, watoto wanne na mdogo wake mmoja. Matanga hayajaisha, mdogo wa marehemu asema: "Bunduki ni ya ukoo. Yaya alinifundisha kuwinda, mimi ndimi nitakayeishika." Mtoto wa kwanza, ambaye hukaa mjini, amjibu: "Baba mdogo, heshima yako twaijua, lakini bunduki ni ya baba yetu." Mjane hasemi neno. Bunduki imo chini ya kitanda chake.

Nani ana haki? Tutaona kwamba wote wawili wamekosa kidogo, na aliye hatarini kuliko wote ni yule mjane anyamazaye.

Ili kuelewa, yafaa tutenge mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Bunduki ni kitu, nayo ina bei yake. Katika jambo hilo haitofautiani na baiskeli au cherehani. Lakini kuishika bunduki ni ruhusa, na ruhusa ile Serikali humpa mtu mmoja kwa jina lake, baada ya kumtazama ni mtu wa namna gani. Kitu chaweza kupita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Ruhusa hufa pamoja na aliyepewa. Mtoto wa mwalimu hurithi vitabu vya baba yake, wala harithi diploma yake.

Kwanza tutazame kile kitu. Zamani, kwa wakristo wetu wengi, urithi ulifuata desturi ya kabila. Kwa wale wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, kama Babemba, bunduki ilielekea kwa mtoto wa dada. Kwa wengine, kama Bashi, ilibaki kwa upande wa baba. Tangu Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, kuna utaratibu mmoja kwa Wakongo wote. Kundi la kwanza la warithi ni watoto wa marehemu, wavulana kwa wasichana, hata wale waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua alipokuwa hai. Hao hupata robo tatu za mali. Kundi la pili ni mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa tumbo. Hao huishiriki robo iliyobaki. Baba wadogo, wajomba na mashangazi wa marehemu wako katika kundi la tatu, nao huitwa tu pale ambapo makundi mawili ya kwanza hayana mtu.

Basi yule mdogo wa marehemu si mgeni kabisa: yumo katika kundi la pili, ana sehemu yake ndogo. Lakini neno lake kwamba bunduki ni ya ukoo halisimami, kwani mzee aliinunua kwa fedha yake. Na mtoto wa kwanza? Pasipo wasia, sheria humweka mkubwa wa warithi, au yule ambaye warithi wamemchagua, awe likidatere, yaani msimamizi wa kulipa madeni na kugawa mali. Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Msimamizi ni mlinzi wa mali mpaka igawanywe. Hakuwa mwenye mali kwa sababu alizaliwa mbele. Dada zake wana haki sawa na yeye katika bei ya bunduki ile. Tumekwisha kusikia wazee wakicheka neno hili: "Msichana na bunduki, wapi na wapi?" Wacheke, sheria haikucheka.

Sasa tuje kwenye ruhusa, maana ndiyo yenye kuleta watu gerezani. Jambo hili si la jana. Mkataba wa Brussels wa 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi na mataifa mengi pamoja na Dola Huru ya Kongo, ulizuia kuingiza bunduki katika sehemu kubwa ya Afrika, toka digri ya 20 kaskazini mpaka digri ya 22 kusini. Gumegume na baruti ya kawaida ziliachwa kidogo. Bunduki nzuri ziliruhusiwa kwa wale tu waliotoa hakika kwamba hawatampa mtu mwingine silaha hiyo, wala kumwuzia. Kweli mkataba ule uliogopa Waafrika wenye bunduki kuliko Wazungu wenye bunduki, na msomaji wetu anajua sababu. Lakini wazo la kwamba ruhusa imeshikamana na mtu lilibaki hata baada ya Uhuru. Leo sheria inayotawala silaha ni ile ya 3 Septemba 1985, nayo yakataza raia kuwa na bunduki pasipo ruhusa ya Serikali. Mwindaji ahitaji tena permi ya kuwinda, kwa sheria ya 28 Mei 1982. Hizo ni karatasi mbili, wala moja haishiki nafasi ya nyingine.

Kwa hiyo mzee alipokata roho, bunduki yake iliingia katika urithi, na permi yake ikawa karatasi tu. Toka saa ile mwenye kuiweka nyumbani yuko mbele ya sheria bila ruhusa yake mwenyewe. Naye ni nani? Ni mjane! Sheria ya Jamaa yampa haki ya kuendelea kukaa katika nyumba ya mumewe, nayo bunduki imo ndani ya nyumba. Askari wakija kupekua hawatauliza kwanza juu ya makundi ya warithi. Katika Ituri na Kivu ya Kaskazini, ambako tarehe 6 Mei 2021 mamlaka ya raia yaliwekwa mikononi mwa askari, kila mtu aelewa maana ya kukutwa na silaha bila karatasi: waweza kuhesabiwa kuwa mtu wa kundi la msituni, wewe uliyekuwa unalinda tu kitu cha marehemu.

Wengine watatuuliza: je, kama mzee alisema kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi, "Bunduki hii nimempa mtoto wangu wa pili"? Sheria hukubali wasia wa mdomo wa mtu aliye karibu kufa, lakini kwa mipaka myembamba, na ni afadhali wazee waandike mapema. Hata hivyo wasia, uwe wa mdomo au wa karatasi, unagawa kitu. Hauwezi kugawa ruhusa ya Serikali. Na mtoto akiwa hajatimiza miaka 18, tusifikiri hata kidogo kumkabidhi.

Neno moja kwa mafratri wanaosoma vitabu vya Ulaya katika maktaba yetu. Ubelgiji, kwa sheria ya 8 Juni 2006 iliyorekebishwa mwaka 2008, humruhusu mrithi kuomba ruhusa ya kuhifadhi bunduki ya marehemu bila risasi, kama ukumbusho. Marekani, kwa sheria ya 1968, mrithi aweza kupokea bunduki ya urithi iliyotoka katika jimbo jingine, jambo ambalo kwa kawaida raia hakubaliwi kulifanya na raia mwenzake. Lakini aliyehukumiwa kwa kosa kubwa hawezi kuipokea, hata ikiwa ni ya baba yake mzazi. Tusichukue sheria za wenzetu tukaziita zetu. Lakini tazameni: hata kule ambako bunduki ni nyingi kama majembe, mrithi mwenyewe hutazamwa kwanza.

Yote tuliyosema ni juu ya bunduki ya kuwindia iliyopatikana kwa haki. Bunduki ya vita ni jambo lingine kabisa. Kalashnikov ambayo mtoto aliirudisha toka msituni, au ile ambayo askari aliiacha nyumbani alipokufa, haimo katika urithi hata kidogo. Ya askari ni mali ya Serikali. Ya msituni haikuwa ya marehemu hata siku moja. Mapatano ya Nairobi ya 21 Aprili 2004, ambayo Kongo iliyatia sahihi, yataka raia wakatazwe kabisa bunduki za namna hiyo. Hapo hakuna kugawa wala kuuza, kuna kurudisha.

Na dhamiri? Wanamoralia wengine wa zamani walifundisha kwamba kuna sheria za adhabu tu: mtu akikamatwa alipe, asipokamatwa hana dhambi. Tusilitumie fundisho hilo hapa. Sheria ya silaha inalinda uhai wa jirani, na bunduki isiyo na mwenyewe anayejulikana ndiyo inayoazimwa usiku. Padri wa maungamo asimwambie mtu, "Ni karatasi tu."

Turudi kwenye casus yetu. Katekista awashauri hivi: warithi wakutane wote, pamoja na mjane na yule baba mdogo, wamtaje msimamizi na kuandika namba ya bunduki. Risasi zitengwe na mtu anayejua kazi hiyo. Kisha msimamizi aende ofisini kwa mkubwa wa teritwari akiwa na permi ya zamani na cheti cha kifo, lakini bunduki aiache nyumbani, maana akikutwa nayo njiani maelezo yake hayatasikilizwa vizuri. Aulize namna ya kuipeleka, na akiitoa apewe karatasi ya kupokea. Mrithi akitaka kuishika, aombe permi kwa jina lake na awafidie wenzake sehemu zao. Ikiwa hakuna atakaye au atakayekubaliwa, iuzwe kwa mtu mwenye ruhusa, kwa idhini ya ofisi, na bei igawanywe. Baba mdogo aweza kuomba permi kama mwingine. Ujuzi wake wa kuwinda utamsaidia hapo, wala si ukoo.

Mwisho, tunaulizwa mara kwa mara kama misioni yaweza kuitunza bunduki wakati watu wanagombana. Hapana. Kodeksi ya 1917, kanuni ya 138, ilikataza makleri kuchukua silaha pasipo sababu ya haki ya kuogopa. Ile ya 1983 haikurudia maneno yale, ila kanuni ya 285 yataka tuepuke yasiyopatana na hali yetu. Lakini hata bila kanuni: padri naye hana permi ya bunduki ile. Akiipokea, atakuwa amehamisha hatari toka chini ya kitanda cha mjane kwenda sakristia. Afadhali avae viatu vyake, awasindikize warithi mpaka ofisini.