Seva ya Picha na Video: Kwa Nini Mmiliki Achague Mwenyewe Kiolesura cha Mtandao

Programu za seva ya maudhui, zikiwemo Jellyfin, Plex na MiniDLNA, zinaiwezesha kompyuta moja iliyopo nyumbani, shuleni au ofisini kuhifadhi picha, muziki na video, kisha kuvirusha kwenye runinga na simu janja zilizomo katika mtandao huo huo bila kumaliza kifurushi cha intaneti. Unafuu huo ndio unaowavutia wengi. Hata hivyo, kwa kawaida programu hizo husakinishwa zikiwa tayari kuitikia kupitia kila njia ya mtandao iliyopo kwenye kompyuta. Mmiliki asipochagua njia inayofaa, picha za harusi ya familia au video za mahafali ya wanafunzi zinaweza kuonekana na watu ambao hazikukusudiwa kwao.

Njia hiyo ndiyo inayoitwa kiolesura cha mtandao. Kompyuta moja huwa na violesura kadhaa: cha kebo, cha Wi-Fi, pengine cha modemu ya laini ya simu, na vingine visivyoonekana kwa macho vinavyotengenezwa na programu kama Docker au zile za VPN. Kila kimoja hupewa anwani yake. Anwani 127.0.0.1 ni ya kompyuta kuwasiliana na nafsi yake. Zile zinazoanza na 10, na 192.168, pamoja na zilizo kati ya 172.16 na 172.31, zimetengwa kimataifa kwa ajili ya mitandao ya ndani. Ama 0.0.0.0, ambayo huonekana mara nyingi katika mipangilio ya seva, si anwani ya mahali popote. Ni agizo la kusikiliza kwenye violesura vyote kwa pamoja.

Agizo hilo lina uzito zaidi pale seva inapotumia utaratibu wa DLNA, ambao runinga nyingi za kisasa zinaufahamu. Katika utaratibu huo seva hujitangaza kupitia anwani ya pamoja ya 239.255.255.250, mlango namba 1900, na kila kifaa kilichomo kwenye mtandao huo husikia tangazo. Hakuna nywila inayoulizwa. Mgeni aliyepewa Wi-Fi kwa ajili ya kusoma barua pepe anaweza kufungua orodha ya picha kwa kubonyeza mara mbili au tatu tu.

Kwa mfano, shule yenye seva iliyounganishwa kwa kebo na mtandao wa ofisi, na kwa Wi-Fi na mtandao wa wageni, inapaswa kuielekeza seva itumie kebo pekee. Katika MiniDLNA kazi hiyo hufanywa kwenye faili la minidlna.conf, katika mstari wa network_interface, ambapo huandikwa jina la kiolesura, mathalani eth0. Majina hayo hupatikana kwa amri ya ip addr kwenye Linux. Jellyfin huhitaji anwani yenyewe, ambayo huandikwa katika ukurasa wa mtandao wa dashibodi yake, na seva huwashwa upya ndipo badiliko lifanye kazi. Plex nayo ina sehemu ya kuchagua kiolesura katika mipangilio yake ya juu ya mtandao.

Jambo moja husahaulika. Katika nyumba nyingi, kebo na Wi-Fi ya ruta ni mtandao mmoja, hivyo kuchagua kebo hakumzuii mgeni hata kidogo. Dawa ya hali hiyo iko kwenye ruta: kuwasha mtandao tofauti wa wageni, ikiwa kifaa kinaruhusu.

Kuifunga seva kwenye anwani moja kuna usumbufu wake pia. Umeme unapokatika na kurejea, ruta inaweza kuipa kompyuta anwani mpya. Seva iliyoelekezwa kwenye 192.168.1.20 haitapatikana ikiwa kompyuta sasa ni 192.168.1.35, na mwenye nayo atadhani programu imeharibika. Ni vyema kuiagiza ruta iihifadhie kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu.

Hatari kubwa zaidi hutokea seva inapofunguliwa kwa intaneti nzima. Ruta nyingi huruhusu programu kujifungulia mlango zenyewe bila mwenye nyumba kujua. Mapema mwaka 2021 kampuni ya usalama wa mtandao ya Netscout ilitoa taarifa kuwa baadhi ya seva za Plex zilizofikika kwa namna hiyo zilikuwa zikitumiwa kukuza mashambulizi dhidi ya mitandao ya watu wengine. Plex ilitoa marekebisho. Anayehitaji kuifikia seva yake akiwa safarini yuko salama zaidi akitumia VPN kuliko kuacha mlango wazi.

Kwa taasisi, suala hili halibaki kuwa la kiufundi pekee. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi kuzilinda, na picha ya mwanafunzi inayomtambulisha ni taarifa ya aina hiyo.

Baada ya mabadiliko, ukaguzi ni mwepesi. Kwenye Linux, amri ya ss -tln huorodhesha milango inayosikiliza. Mtumiaji wa Jellyfin akiona bado 0.0.0.0:8096, mpangilio haujashika na seva iwashwe upya. Kisha simu iunganishwe na mtandao wa wageni na kujaribu kuifungua seva kwa anwani yake. Ikifunguka, ruta bado inaruhusu mitandao hiyo miwili kuwasiliana, na itafutwe sehemu ya kutenganisha wageni katika mipangilio yake.