Kwa Nini Lori la Pwani Hutoa Moshi Likifika Mwanza

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Abiria anayetoka Dar es Salaam hahisi tofauti, lakini injini ya lori lake huihisi. Hewa ya Mwanza imepungua kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na ya pwani, na kilo moja ya dizeli huhitaji zaidi ya kilo 14 za hewa ili iungue yote. Pampu ya kizamani iliyopimwa Dar haina habari kwamba gari limepanda. Inapiga mafuta yaleyale kwenye hewa pungufu, na dereva akikanyaga mlimani, yaliyokosa hewa hutokea kwenye ekzosi yakiwa masizi.

Madereva wengi huuita moshi huo nguvu. Mimi naona mafuta waliyoyalipia yakipaa.

Hata hivyo hewa siyo mkosaji pekee. Dizeli haina plagi ya cheche: pistoni hubana hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500, ndipo nozeli inapopuliza mafuta na moto unajiwakia wenyewe. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupokea mafuta kama mara 17 kwa sekunde, na kila mpulizo huisha ndani ya milisekunde chache. Katika muda huo mafuta yapite kwenye vitundu vyembamba, yawe ukungu, yageuke mvuke, yachanganyike na hewa, yaungue. Pale katikati ya wingu la mafuta ambapo hewa haijafika, ndipo masizi yanapozaliwa.

Tatizo jingine ni kwamba mafuta hayawaki papo hapo yanapoingia. Kuna kitambo kidogo cha kusubiri. Nozeli ikimimina yote kwa mkupuo, yaliyorundikana wakati wa kusubiri hulipuka pamoja. Ule mlio wa ko-ko-ko wa Fuso kuukuu alfajiri ni huo. Joto hupanda ghafla, na nitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haijishughulishi na mtu, huungana na oksijeni kuwa gesi inayochoma mapafu.

Mama ntilie hawashi jiko kwa kulimwagia mafuta ya taa kibaba kizima. Huanza na vijiti. Wahandisi walichelewa kulifanya hilo vizuri kwenye malori: mwaka 1995 Denso ya Japani ilitia sokoni, kwenye malori ya Hino, mfumo wa bomba moja linalohifadhi mafuta yenye presha kwa ajili ya nozeli zote. Leo presha hiyo hupita baa 2,000, wakati tairi la lori hujazwa baa 8 hivi. Kompyuta hufungua nozeli mara kadhaa kwa mzunguko mmoja: kwanza chembe ndogo ya kuandaa moto, kisha mpulizo mkuu, halafu wa mwisho mdogo unaokoroga na kuunguza masizi yaliyobaki.

Usidhani ni dawa ya kila kitu. Ukichelewesha mpulizo, joto hushuka na ile gesi ya nitrojeni na oksijeni hupungua, ila masizi huongezeka na mafuta huliwa zaidi. Ukiwahisha, kinyume chake. Na masizi si uchafu wa nguo tu: mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi mkoani Mwanza lifunguliwe Juni 2025, malori hayasubiri tena kivuko huku yakinguruma. Nozeli zilizochoka, lakini, zinavuka darajani pamoja nayo. Kuzijua ni kazi ya dakika chache. Fundi huifunga nozeli kwenye mashine ya kupimia, akavuta mkono wa pampu, akaangalia. Nzima hutoa ukungu mkavu na kukata ghafla. (Usiweke kidole hapo, presha hiyo hupenya ngozi.) Iliyochoka hutoa mchirizi, na baada ya mkono kuachiwa, tone moja hubaki likining'inia kwenye ncha yake.