Nani Apewe Mashine?

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya daktari wa dharura ni kujua dawa. Hiyo ni nusu tu. Nusu nyingine, nayo ndiyo nzito, ni kuchagua. Na mfano ulio wazi twaupata Copenhagen, nchini Denmark, mwaka 1952.

Mwaka ule polio iliuvamia mji huo. Siku za kilele Hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa wapatao 50 kwa siku, wengi wao watoto. Waliopooza misuli ya kupumulia walihitaji mashine, na hospitali ilikuwa na moja kubwa ya chuma, pamoja na sita ndogo za kufungwa kifuani. Nani apewe, nani anyimwe? Tena waliopewa hawakuwa na heri kubwa: katika wagonjwa 31 wa kwanza, 27 walikufa.

Hapo mkuu wa idara, Dkt. Lassen, alikubali kumwita mtu wa nje, Dkt. Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi. (Twamsifu kwa hilo, wakubwa wengi hawaliwezi.) Tarehe 27 Agosti Ibsen alipewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Koo lilitobolewa, mpira ukatiwa, walakini msichana alihangaika hata hewa haikupita. Ndipo Ibsen akaamua jambo la kutisha: alimpa dawa ya usingizi iliyoikomesha hata ile pumzi ndogo aliyobaki nayo. Lau asingefaulu, nani angemtetea? Kisha akaubana mfuko wa mpira kwa mkono wake, akampumulia. Msichana alinusurika, na ingawa alibaki amepooza, aliishi hadi mwaka 1971.

Basi lililokuwa swali la mashine likawa swali la mikono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa kuketi kwa zamu, usiku na mchana, kila mmoja kichwani pa mgonjwa wake, akibana mfuko. Kuna siku wagonjwa 70 walipumuliwa hivyo kwa wakati mmoja. Vifo, vilivyokuwa kama 87 katika kila wagonjwa 100 wa namna hiyo, vilishuka hadi kama 25. Ndugu zetu wanaoijua zamu ya usiku watafahamu uzito wa kazi hiyo: mkono ukilegea, mtoto hapumui. Na wako waliokufa vivyo hivyo, mfuko ungali mkononi mwa kijana.