Kabati la gemu lililookoa mzigo uliododa, na mafundi wanaolichonga upya nyumbani

Mwaka 1980 makabati 3,000 ya gemu yaliagizwa kutoka Japani kwenda Marekani, na takribani 2,000 kati ya hayo yakakosa mnunuzi. Gemu yenyewe iliitwa Radar Scope. Aliyeagiza ni Minoru Arakawa, mkuu wa tawi changa la kampuni ya Nintendo nchini Marekani. Meli ilichukua miezi baharini, na mzigo ulipotua pwani ya mashariki, wateja walikuwa wameshahamia kwenye gemu nyingine.

Mfanyabiashara aliyewahi kukwamishiwa kontena bandarini hadi msimu wa sikukuu ukapita anaujua uchungu huo. Mtaji umelala, kodi ya bohari inadaiwa kila mwezi, na hata ukishusha bei haji mtu wa kuuliza. Arakawa alikuwa na jingine la kumnyima usingizi: rais wa kampuni kule Kyoto, Hiroshi Yamauchi, alikuwa baba mkwe wake.

Hakuomba makabati mengine. Aliomba gemu mpya itakayoingia kwenye makabati yaleyale. Kazi akapewa Shigeru Miyamoto, msanii ambaye hakuwa amefika miaka 30 wala hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Mwaka 1981 kikatoka kitu kinachoitwa Donkey Kong: fundi seremala anapanda ngazi na kuruka mapipa, akimfuata sokwe mkubwa aliyemteka mwanamke.

Kilichosafirishwa safari hii hakikuwa makabati mazima bali vifaa vya kubadilishia: bodi za umeme, vioo na mabango ya juu. Katika bohari moja karibu na Seattle, Arakawa, mkewe na wafanyakazi wachache walifungua kabati moja baada ya jingine, wakatoa ya zamani na kuweka mpya. Mwenye nyumba wa bohari hilo aliitwa Mario Segale, na jina lake ndilo alilopewa baadaye yule seremala wa kwenye gemu. Mashine mbili za majaribio ziliwekwa kwenye baa mbili za mjini humo, mchezo mmoja kwa sarafu ya robo dola. Wenye baa walizipokea kwa shingo upande, kisha wakaomba nyingine. Makabati yaliyododa yakaisha, yakatengenezwa mengine, na Marekani pekee ikanunua kama 60,000.

Leo kabati hilo ni miongoni mwa yale ambayo mafundi wa nyumbani, hasa Marekani na Ulaya, hupenda kuyaunda upya kuanzia ubao mtupu. Yale ya asili yamebaki machache, ni mazito, bei yake iko juu na vioo vyake vinakufa. Anayelitaka sebuleni au barazani huona nafuu kulichonga mwenyewe.

Ubao kwanza

Kazi huanzia kwenye shiti za futi nane kwa nne, vipimo vilevile vinavyopangwa kwenye maduka ya mbao ya kwetu. Unene unaotumika sana ni milimita 18. Wengine huchukua MDF kwa sababu uso wake ni laini na rangi hukaa vizuri. Wengine huchagua plaiwudi, ambayo ni nyepesi na inashika skrubu kwa nguvu zaidi. MDF ina adui wawili: maji, ambayo huivimbisha isirudi tena, na pupa ya fundi, kwa kuwa vumbi lake ni jembamba mno na halifai kuvutwa bila barakoa.

Siri ya kabati zuri ni mbavu zake mbili. Ubavu wa kwanza huchorwa, hukatwa kwa msumeno wa umeme na kupigwa msasa mpaka mkunjo wa shingo na wa paji la uso uwe sawasawa. Wa pili haukatwi kwa kupimwa upya. Hulazwa chini ya ule wa kwanza, vikabanwa pamoja, kisha mashine ya ruta yenye jino la kufuata ukingo hupita ikinakili kila pindo. Fundi anayeupima upya kwa rula hupata mbavu mbili zinazofanana kwa mbali tu, na kabati lake hupinda siku ya kuliunga.

Ruta hiyohiyo huchimba mfereji mwembamba katikati ya unene wa ubao, mzunguko mzima, ili upachikwe utepe wa plastiki unaoziba kingo. Mfereji ukihama hata milimita mbili, utepe huchungulia upande mmoja na hakuna rangi itakayoficha. Kwa ndani, vipande vya mbao hugundishwa na kukazwa kwa skrubu kuzunguka mbavu, na juu yake ndipo sakafu, mgongo na rafu ya skrini hukaa. Tundu la hewa huachwa juu kwa nyuma, maana joto la skrini lazima lipate pa kutokea.

Vitufe havina ugumu. Kila kimoja kina swichi ndogo yenye waya mbili. Moja huungana na za wenzake na nyingine huenda kwenye kibodi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta. Donkey Kong inahitaji mkono mmoja wa kuchezea upande wa kushoto na kitufe kimoja cha kurukia upande wa kulia, pamoja na viwili vya kuanzishia mchezo. Hapa wengi hununua kosa. Mikono inayouzwa zaidi ni ya pande nane, ilhali gemu hii ni ya pande nne. Ukitumia ya pande nane, seremala wako atakwama chini ya ngazi huku pipa linakuja.

Skrini husimama wima, si kulala. Runinga pana ya kisasa ikisimamishwa huacha weusi juu na chini ya picha. Ndiyo maana mafundi huzitafuta zile skrini za ofisi za inchi 19, za umbo linalokaribia mraba, ambazo wauza kompyuta za mitumba wanazijua vizuri. Zijaribiwe kabla ya kulipia, maana baadhi ya vioo vya bei rahisi vikisimama wima hutazamika vizuri kutoka upande mmoja tu. Kioo cha zamani cha bomba si cha kuchezea, kwani huhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa kwenye umeme.

Tundu la sarafu na mpaka

Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, kama Raspberry Pi iliyoingia sokoni mwaka 2012, inatosha kuendesha mashine. Juu yake huwekwa MAME, programu iliyoanzishwa na Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, ambayo huifanya kompyuta ijifanye bodi ya zamani. Programu hiyo ni ya bure. Gemu zinazochezwa juu yake si za bure. Kabati ulilochonga ni lako, lakini Donkey Kong ni ya Nintendo, na kuiuza ndani ya kabati ni kuuza mali ya mwingine. Gemu hii yenyewe iliwahi kufikishwa mahakamani: mwaka 1982 kampuni ya filamu ya Universal iliishtaki Nintendo ikidai sokwe huyo ni King Kong wake. Ilishindwa mwaka uliofuata, baada ya kubainika kwamba zamani yenyewe ilikuwa imeiambia mahakama kuwa hadithi ya King Kong haina mwenyewe.

Kwa anayefikiria kuvusha makabati ya namna hii mpakani, jambo la kutazama ni tundu la sarafu. Katika orodha ya kimataifa ya forodha, mchezo unaoendeshwa kwa sarafu uko namba 9504.30, ilhali samani za mbao ziko 9403. Mbao ni zilezile, lakini tundu likiwepo ushuru na maswali hubadilika. Mamlaka za Kenya na Uganda zimewahi kukamata na kuteketeza mashine za kamari zisizo na kibali, na ofisa anayeona kabati lenye tundu la sarafu hawezi kujua kwa macho kama ndani kuna kamari au seremala anayeruka mapipa. Cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mzigo usiozidi dola 2,000, nacho ni cha bidhaa za Jumuiya zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mashine iliyotoka China haiwi ya Afrika Mashariki kwa kupakwa rangi upya.

Kuhusu rangi, mafundi wa nyumbani hubishana hadi leo. Wengi hupaka buluu, kama yalivyokuwa makabati mengi ya Donkey Kong. Anayetaka lile la mwanzo kabisa hupaka nyekundu, kwa sababu ndiyo rangi ya Radar Scope iliyododa bohari.