Gundi Haishibishi

Ukitoka Kangemi na matatu ukashuka katikati ya jiji, utawaona chokoraa wakiwa na chupa za gundi puani. Mmoja wao tulisoma naye hadi darasa la sita. Aliniambia, "Nikivuta, njaa inaisha."

Kumbe haiishi! Gundi ya viatu huwa na toluini, kemikali inayogeuka mvuke upesi. Mvuke huo huingia mapafuni, kisha damuni, na kwa dakika chache tu huupumbaza ubongo usisikie njaa wala baridi. Tumbo bado ni tupu. Akizoea, hutaka zaidi. Ubongo huharibika, na moyo waweza kusimama ghafla, hata siku ya kwanza.

Wenzangu, tusiijaribu, wala tusiwacheke. Nilimnunulia mandazi mawili. Aliweka chupa chini, akala.